Karatasi Tatu za Kura: Ujiji na Swali la Dini ya Rais

Jumapili ya tarehe 31 Oktoba 2010 nilipanga foleni katika kituo cha kupigia kura kilichowekwa kwenye shule moja ya msingi hapa Ujiji, nimemshika mkono mzee wa mtaa wetu ambaye sisi wadogo tulimwita Babu. Alikuwa mvuvi wa dagaa tangu ujana wake, akaliacha ziwa baada ya macho yote mawili kuingiwa na mtoto wa jicho, na kwa kuwa sheria inamruhusu mtu asiyeona kumchagua mwenyewe wa kumsaidia kupiga kura, alinichagua mimi. Mbele yetu walisimama akina mama wawili waliotoka misa ya kwanza, mmoja wao rozari ikiwa bado imezungushwa kwenye kiganja. Nyuma yetu walikuwa vijana wa kijiwe cha kahawa kilicho jirani na msikiti, wakibishana kwa sauti ya chini juu ya nani atashinda. Ubishi wao haukuwa wa ubunge wala wa udiwani. Ulikuwa wa urais, na neno lililorudi kila baada ya muda mfupi lilikuwa "mwenzetu".

Babu aliwasikiliza, kisha akaniambia maneno ambayo nimeyabeba hadi leo: "Wa udiwani namjua, tumezika naye. Wa ubunge nimemsikia akisema kweli na nimemsikia akisema uongo, kwa hiyo nina mahali pa kumshika. Huyu wa urais, mjukuu wangu, nimeambiwa jina lake tu, na picha yake utanielezea wewe. Nimpime kwa kipi?"

Nimesoma na kusikia uchambuzi mwingi kuhusu dini na uchaguzi wa rais nchini mwetu, na sijakutana na maelezo yaliyo karibu na ukweli kuliko hayo. Mjadala wetu umezoea kugawanyika pande mbili: wapo wanaoapa kwamba Watanzania hawana udini hata chembe, na wapo wanaosema kila mtu humpigia kura wa dini yake ila wengine wanaficha. Pande zote mbili zinashindwa mbele ya matokeo tuliyonayo mkononi. Ninachokiona mimi nikiwa Kigoma ni kwamba dini ya mgombea huongezeka uzito kadiri mgombea anavyokuwa mbali na mpigakura, na hupungua uzito kadiri anavyojulikana, au kadiri anavyokuwepo mtu wa kuaminika wa kumwekea dhamana. Dini hujaza pengo la kutomjua mtu.

Tuanze na nyumbani. Jimbo la Kigoma Mjini, ambalo ndani yake imo Ujiji, mji mkongwe wa Kiislamu mwishoni mwa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora, lilimchagua Peter Serukamba, Mkristo, mwaka 2005 na likamrudisha mwaka 2010. Jimbo la Kigoma Kaskazini, katika chaguzi hizo hizo mbili, lilimchagua Zitto Kabwe, Mwislamu, kwa tiketi ya Chadema, chama ambacho mahasimu wake walikuwa wamekibandika jina la chama cha Wakristo na cha watu wa Kaskazini. Mwaka huo wa 2010 mkoa wetu ulikuwa na majimbo 8, na 5 kati ya hayo yalikwenda upinzani, ambapo 4 yalichukuliwa na NCCR-Mageuzi, na hayo 4 ndiyo majimbo yote ambayo chama hicho kilipata nchi nzima. Lakini mgombea urais wa NCCR-Mageuzi, Hashim Rungwe, hakufikisha hata asilimia 1 ya kura za taifa. Mpigakura wa Kasulu au Kibondo aliyekiamini chama hicho kwa ubunge hakuona sababu ya kukifuata hadi kwenye karatasi ya urais. Alipiga kura mbili kwa vipimo viwili tofauti, ndani ya chumba kimoja, katika dakika ile ile.

Jambo hili linastahili kutazamwa kwa makini kwa sababu linaondoa dhana kwamba kuna "Waislamu wa Ujiji" au "Wakatoliki wa Kasulu" wanaotembea na dini yao kama kadi ya chama. Mwanasiasa wa jimbo huonekana sokoni, huja msibani, hukaa mkekani, na watu hujua kama ahadi ya kisima aliyoitoa imetimia. Taarifa hizo zikiwapo, hakuna anayehitaji kubahatisha kwa kutazama jina lake la kwanza. Mgombea urais, kwa upande mwingine, hufika Kigoma mara moja katika kampeni nzima, mara nyingi kwa ndege au helikopta, huhutubia kwa saa moja au mbili, kisha huondoka kwenda mkoa mwingine kabla vumbi la uwanja halijatua. Mtu akibaki na jina na picha tu, atasoma kilichoandikwa kwenye jina na picha, na katika nchi yetu jina la mtu mara nyingi husema dini yake kabla hajafungua mdomo.

Hata hivyo, hata katika urais wenyewe dini haijawahi kuamua peke yake. Ushahidi mzuri kuliko wote umetoka kwa majirani zetu wa Tabora. Profesa Ibrahim Lipumba, mchumi aliyezaliwa Ilolangulu mkoani humo, aligombea urais kwa tiketi ya CUF mwaka 1995 na mwaka 2000, na katika chaguzi zote mbili wagombea walikuwa wanne: yeye, Benjamin Mkapa, Augustino Mrema na John Cheyo. Miongoni mwa wanne hao Mwislamu alikuwa mmoja tu. Kama kweli mpigakura Mwislamu humfuata Mwislamu mwenzake kwa dini tu, hapo ndipo pangeonekana, kwa sababu hapakuwa na wa kugawana naye. Lipumba alipata takriban asilimia 6 mwaka 1995 na takriban asilimia 16 mwaka 2000. Hakuna mtu, wa upande wowote, anayeamini kwamba Waislamu wa nchi hii ni asilimia 16, achilia mbali 6. Maana yake ni kwamba mamilioni ya Waislamu walimpigia kura Mkapa, Mkatoliki kutoka Masasi, kwa sababu chama chake, CCM, walikijua na walikizoea.

Nisiifanye hoja iwe rahisi kuliko ilivyo. Mwaka 2005 CCM ilipomsimamisha Jakaya Kikwete, kura za Lipumba zilishuka hadi karibu asilimia 12, na mwaka 2010 zikashuka tena hadi 8. Inawezekana kabisa kwamba sehemu ya kushuka huko ilitokana na Waislamu waliomwona sasa mwenzao ndani ya chama kikubwa, wakawa hawana tena sababu ya kwenda upinzani. Lakini Kikwete huyo huyo, mwenye dini ile ile, alipata asilimia 80 mwaka 2005 na asilimia 61 mwaka 2010. Dini yake haikubadilika katika miaka mitano hiyo. Kilichobadilika ni kwamba watu walikuwa wamemwona akitawala, kashfa za Richmond, ya mkataba wa umeme wa dharura, na EPA, ya fedha zilizochotwa Benki Kuu, zilikuwa zimezungumzwa hadi vijijini, na mbele yake alikuwa amesimama Dkt. Willibrod Slaa wa Chadema, aliyewahi kuwa padri na Katibu Mkuu wa Baraza la Maaskofu Katoliki, ambaye hata hivyo umaarufu wake wa kisiasa haukutoka altareni bali ulitoka kwenye uwanja wa Mwembeyanga, Dar es Salaam, mwaka 2007, aliposoma hadharani majina ya watu aliowatuhumu kwa ufisadi. Slaa alipata asilimia 26. Nani anaweza kuzitenganisha kura za upadri na kura za Mwembeyanga ndani ya asilimia hizo? Mimi siwezi, na ninamtilia shaka yeyote anayedai kwamba anaweza.

Uchaguzi ule ndio uliokuwa na mnong'ono mwingi wa dini kuliko wowote ninaoukumbuka. Mwaka mmoja kabla yake Kanisa Katoliki lilikuwa limetoa waraka wa vipaumbele vya taifa kwa ajili ya waumini wake kuelekea uchaguzi, na upande wa Waislamu ukajibu kwa mwongozo wake. Hapa Ujiji maandishi hayo mawili yalizungumzwa sana na watu ambao hawakuwa wameyasoma. Ninakumbuka jirani yetu mmoja, mwanamke wa makamo anayeuza mawese katika soko la Mwanga, akiniuliza kama ni kweli padri akiwa rais atazuia swala ya Ijumaa. Nilimweleza kwamba Katiba inaziweka shughuli za jumuiya za dini nje ya mamlaka ya nchi na kwamba hakuna rais anayeweza kufanya hivyo. Alinisikiliza kwa heshima, akanifungia chupa yangu ya mawese kwa gazeti, na nikaona machoni pake kwamba aliyemwambia habari ile ni mtu anayemwamini kuliko anavyoiamini Katiba.

Hapo ndipo ninapopata neno dhamana. Mpigakura asiyemjua mgombea hutafuta mtu wa kumdhamini, kama vile mtu anavyotafuta mdhamini kabla ya kumkopesha mgeni. Historia ya Tabora inalionyesha jambo hili vizuri kuliko kitabu chochote cha nadharia. Januari 1958 TANU, chama kilichokuwa kikidai uhuru wa Tanganyika, ilikutana Tabora kuamua kama ingeshiriki uchaguzi wa kura tatu, ambao ulimtaka kila mpigakura amchague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Wengi walichukia masharti hayo, na Zuberi Mtemvu alijitoa na kuanzisha chama chake, African National Congress. Lakini Nyerere aliwashawishi wajumbe, TANU ikakubali kushiriki, na wapigakura Waafrika wakawachagua Wazungu na Waasia ambao wengi wao hawakuwahi kuwaona, kwa sababu TANU ilikuwa imewadhamini. Katika miaka hiyo hiyo AMNUT, jumuiya ya Waislamu iliyotaka uhuru ucheleweshwe mpaka Waislamu wapate elimu ya kuwatosha, haikupata wafuasi wengi, na miongoni mwa walioipinga walikuwamo wazee wa Kiislamu wa TANU wenyewe. Kisha Novemba 1962 ukaja uchaguzi wa kwanza wa rais wa Tanganyika, Nyerere Mkatoliki dhidi ya Mtemvu Mwislamu, na Nyerere akapata zaidi ya asilimia 98. Wazee wa Kiislamu wa Kariakoo, Tabora na Ujiji walikuwa wamemdhamini zamani, tangu siku ambazo kumpokea mwalimu huyo nyumbani kulikuwa na hatari.

Dhamana hiyo ya chama ilifanya kazi tena mwaka 1985, Ali Hassan Mwinyi alipopokea kijiti na kupata zaidi ya asilimia 90 akiwa mgombea pekee. Baada ya mwaka 1992 vyama vikawa vingi na wadhamini wakawa wengi, na baadhi yao huvaa joho au kanzu. Sioni ubaya kwa sheikh au askofu kusema anachoamini kuhusu nchi yake. Waraka wa maaskofu wa Agosti 2023 kuhusu mkataba wa bandari, kwa mfano, ulikuwa na hoja zilizostahili kujibiwa kwa hoja. Ubaya ulianza pale wengi walipoacha kuusoma waraka wenyewe na kuhesabu dini ya walioutoa na dini ya rais aliyeandikiwa. Hoja ya bandari ikapotea, ikabaki hesabu.

Hesabu hiyo, tena, haina msingi. Sensa ya mwisho nchini kuuliza dini ya mtu ilikuwa ya mwaka 1967. Mwaka 2012 baadhi ya viongozi wa Kiislamu walitaka waumini wasusie sensa kwa sababu swali hilo halikuwamo. Tangu 1967, kila anayesema "sisi ndio wengi" anasema kwa kukadiria, na kila chama kinachopanga mgombea kwa kufikiria wingi wa waumini kinapanga gizani. Ninaelewa sababu za serikali kuliondoa swali lile. Naelewa pia kwamba ukimya umewaachia wenye sauti kubwa nafasi ya kutunga tarakimu wanazotaka.

Kuna mahali pamoja ambapo dini ya mgombea ina nguvu kweli, nako ni mbali sana na foleni ya Ujiji. Ni ndani ya vikao vya uteuzi. Nyerere Mkatoliki, Mwinyi Mwislamu, Mkapa Mkatoliki, Kikwete Mwislamu, Magufuli Mkatoliki: mpangilio huu haukuandikwa popote, na ibara ya 39 ya Katiba inayotaja sifa za rais inazungumzia uraia wa kuzaliwa, umri wa miaka 40 na kuteuliwa na chama, haisemi neno juu ya dini. Lakini kila uchaguzi unapokaribia watu huanza kuzungumzia "zamu" kama vile ni kifungu cha sheria. Hata baadaye, mwaka 2021, ilipotokea kwamba Samia Suluhu Hassan amepokea nchi baada ya kifo cha Magufuli, wapo waliosema zamu imejirudia, ilhali kilichotokea ni Katiba kufuatwa. Nao utaratibu wa Muungano, kwamba rais akitoka upande mmoja makamu atoke upande wa pili, umefanya karibu kila hesabu ya uwiano wa Bara na Zanzibar iwe pia hesabu ya dini, ingawa wakati wa Kikwete rais na makamu wake wote wawili walikuwa Waislamu na nchi haikutikisika.

Nauona utaratibu huu wa zamu kuwa wa busara kwa kiasi na wa hatari kwa kiasi. Busara yake ni kwamba hakuna upande unaoamini umefungiwa mlango milele. Hatari yake ni kwamba unamfundisha mwananchi kumwona rais kama mwakilishi wa dini anayekaa kwa zamu, kisha tunashangaa mwananchi huyo anapoanza kudai fungu la dini yake.

Na fungu hilo ni swali halisi. Mtu wa Ujiji anapouliza rais ajaye ni wa dini gani, mara nyingi anauliza nani alipata shule, nani ana hospitali, nani ameajiriwa wapi. Waislamu wana malalamiko ya miaka mingi kuhusu elimu tangu enzi za ukoloni, kuhusu mahakama ya kadhi iliyotajwa katika ilani ya CCM ya mwaka 2005 na kutofikia mwisho, na kuhusu makubaliano ya mwaka 1992 kati ya serikali na makanisa juu ya huduma za afya na elimu. Wakristo nao wana hofu zao, zilizochochewa na Zanzibar kujiunga na OIC, jumuiya ya nchi za Kiislamu, na kujitoa mwaka 1993. Mambo haya yanaweza kujibiwa kwa bajeti, sheria na takwimu za wazi. Yasipojibiwa hivyo, huhamia kwenye jina la kwanza la mgombea.

Ila Kigoma tuna uzoefu wetu wa kupima jibu hilo. Tumetawaliwa na marais wa dini zote mbili, na chini ya wote kwa miongo mingi tulibaki nje ya gridi ya taifa, mji ukiendeshwa kwa jenereta, na barabara ya kwenda Nyakanazi ikiwa ya vumbi masika hadi masika. Mama mjamzito wa Kiislamu alikwenda kujifungua hospitali ya misheni kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu, na Mkristo alisafirisha migebuka kwa lori la Mwislamu kwa sababu ndilo lililokuwa likienda. Swali linalouma zaidi hapa kwetu, kusema kweli, ni la uraia. Mtu wa Kigoma huulizwa na maofisa kama yeye si Mrundi au Mkongo, na swali hilo humpata Ramadhani sawasawa na linavyompata Yohana. Tumeishi na wakimbizi wa Burundi tangu 1972, kwa hiyo tunajua kwa karibu mno watu wanavyoishia wakianza kupangwa kwa kuzaliwa kwao.

Mifano ya nje inaelekea upande huo huo. Senegal, nchi ambayo zaidi ya watu 9 kati ya 10 ni Waislamu, iliongozwa na Mkatoliki, Léopold Sédar Senghor, kuanzia 1960 hadi 1980, kwa sababu viongozi wakuu wa tarika, hasa ya Murid, walimdhamini mbele ya waumini wao. Malawi, nchi ya Wakristo wengi, ilimchagua Bakili Muluzi, Mwislamu, mwaka 1994, na kura zake zilifuata mipaka ya mikoa kuliko mipaka ya dini.

Kwetu hapa chaguzi za karibuni hazitusaidii kupima. Mwaka 2015 wagombea wawili wakubwa, Magufuli na Lowassa, wote walikuwa Wakristo. Katika uchaguzi wa Oktoba 2025 chama kikuu cha upinzani, Chadema, hakikuwamo kwenye karatasi ya kura, kwa hiyo asilimia zilizotangazwa haziwezi kutuambia mpigakura angechagua vipi kama angekuwa na wa kuchagua. Pale ambapo mashindano yamefungwa, mnong'ono wa dini hubaki peke yake ukieleza kila kitu, na haukuti wa kuupinga. Kama tunataka dini ya mgombea ipungue uzito, mgombea urais akae mkoani siku tatu badala ya saa mbili, aulizwe maswali na wavuvi wa Kibirizi na wakulima wa tumbaku wa Urambo, aje kwenye mdahalo na wapinzani wake huku redio za mikoani zikirusha. Mtu akishasikia mtu akijibu swali vibaya au vizuri, anakuwa na mahali pa kumshika.

Babu alifariki kabla ya uchaguzi wa 2015. Siku ile ya 2010 tulipoingia chumbani nilimsomea kwanza karatasi ya urais, ambayo ilikuwa na majina saba. Akaniambia nirudie yote, taratibu, nisiruke hata moja, na nimweleze kila picha: huyu amevaa nini, anatabasamu au hatabasamu, ana umri gani. Alikaa kimya muda mrefu hadi msimamizi akakohoa. Alichonielekeza kuweka alama ni siri yake na nitaitunza. Tulipofika kwenye karatasi ya udiwani, hakuniachia hata nimalize jina la kwanza.